Aliyeacha Unga Hakuacha Peke Yake

Tangu Januari 20, 2025, Rais Donald Trump aliposaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90, kliniki za methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, yaani unga, zimekuwa zikijadiliwa kama suala la hesabu: nani atalipa, serikali itaziba pengo kiasi gani, wahudumu wangapi watabaki kazini. Ni maswali ya haki, kwa sababu tiba hii, Tanzania na Kenya, ilikua kwa kutegemea sana fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi. Lakini pembeni ya hesabu hizo imerudi kauli moja ya zamani, na hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika. "Anayetaka kuacha unga ataacha tu, kliniki iwepo isiwepo." Inasemwa barazani na vijiweni, na watu wema wasiomtakia teja yeyote mabaya. Wakati mwingine inasemwa na walioacha wenyewe, mbele ya kamera, na watazamaji wanaitikia: hongera, kumbe inawezekana.

Naiona kauli hiyo kuwa kosa, na kosa lenye madhara. Mtu anayebadilika na kudumu katika mabadiliko yake, mara nyingi alikutana na bahati saa ambayo nia yake ilikuwa macho. Dawa ilikuwapo, kliniki ilifikika, kuna mtu aliyemfungulia mlango usiku ule badala ya kumfukuza. Kisha kinachomsaidia adumu ni kuijua bahati hiyo kuwa ni bahati na kuishukuru kwa vitendo. Anayeifuta katika simulizi yake, akabakiza nia peke yake, anajiondolea nguzo aliyoegemea na anawazibia njia wanaokuja nyuma yake.

Kwa wasioijua tiba hii, heroini humshika mtu kwa saa chache, kisha arosto inaingia: mifupa inauma, tumbo linaendesha, jasho na makamasi vinamtoka, usingizi unapotea, na siku nzima inageuka kuwa ya kutafuta kete inayofuata. Methadoni ni dawa ya maji. Mgonjwa anainywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, na kwa kuwa inakaa mwilini zaidi ya saa 24, arosto inakosa nafasi. Dozi ikipimwa sawasawa hailevyi. Inamrudishia mtu siku yake, akaweza kwenda kibaruani, kumpeleka mtoto shule, kulala. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki yake Februari 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na baadaye mikoa mingine ikiwamo Mbeya, Dodoma, Mwanza na Tanga. Kenya ilianza na hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, ikafika pwani, Malindi na Mombasa, mwaka 2015. Zanzibar nayo ilitanguliza soba hausi, nyumba ambamo walioacha huishi pamoja na kusimamiana, kabla ya kuwa na kliniki ya methadoni.

Tarehe hizo zinastahili kusomwa tena polepole. Kijana wa Malindi aliyeichoka hali yake mwaka 2009, akalia mbele ya mama yake na kuapa kwamba basi, alikuwa na nia ileile ya kijana wa mtaa huohuo aliyelia na kuapa mwaka 2016. Wa kwanza alikuwa na kitanda, maji ya kunywa na dua. Wa pili alikuwa na dawa. Tukikutana nao leo, mmoja akiwa kinyozi mwenye familia na mwingine akiwa kaburini au bado maskani, kijiweni kwa watumiaji, tunamsifu mmoja kwa msimamo na tunamlaumu mwenzake kwa ulegevu, wakati kilichowatofautisha ni mwaka ambao kila mmoja aliamka na kuona maisha yake yanavyopotea.

Pwani imewahi kupitia jambo linalokaribia kuwa jaribio halisi la kauli ile ya "ataacha tu". Kati ya Desemba 2010 na Machi 2011 heroini iliadimika sana Mombasa na maeneo jirani. Kama uraibu ungekuwa wa kukosa sababu ya kuacha, basi sababu ndiyo hiyo ilikuja yenyewe, kwa nguvu: mzigo hakuna, ukipatikana ni ghali na umechanganywa. Watu walipigwa na arosto kwa maelfu bila dawa. Wapo waliojaribu kutumia nafasi hiyo waachane na unga kabisa. Wengi walijipoza kwa vidonge vya dukani, pombe na chochote kilichopatikana, na unga uliporudi sokoni wakarudi nao. Sasa linganisha na Dar es Salaam mwaka 2017, msako mkali ulipoanza Februari na unga ukawa wa shida mitaani. Sisifu namna msako ule ulivyoendeshwa, maana ulitaja watu hadharani kabla ya ushahidi. Lakini safari hiyo arosto ilipowabana watu palikuwa na mlango wa kugonga, na kliniki za jiji zikapokea wengi waliokuja kuomba kuanza dawa. Dhiki ilikuwa moja katika miji yote miwili, na nia, kwa kadiri tunavyoweza kuijua nia ya mwanadamu, haikuwa na sababu ya kutofautiana. Walichopata wa Dar ambacho wa Mombasa hawakukipata ni kliniki.

Mfano mkubwa zaidi unatoka mbali, kwa askari wa Marekani waliopigana Vietnam. Mwaka 1971 ilifahamika kwamba heroini imeenea miongoni mwao, na serikali ya Rais Nixon ikaingiwa na hofu ya kupokea jeshi la waraibu. Mtafiti Lee Robins wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, akapewa kazi ya kuwafuatilia waliorudi. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu akiwa Vietnam. Baada ya kurejea nyumbani, ni asilimia 5 hivi tu ya hao waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza, na kama asilimia 12 ndani ya miaka mitatu. Wakati huohuo, waraibu waliotibiwa katika hospitali ya serikali ya Lexington, Kentucky, walikuwa wakirudia kwa wingi wa kukatisha tamaa mara walipofika mitaani kwao. Hakuna sababu ya kuamini kwamba askari walikuwa na roho ngumu kuliko wenzao. Walipandishwa ndege wakaacha nyuma muuzaji, wenza wa kuvuta, hofu ya vita na kila kona iliyowakumbusha. Mgonjwa wa Lexington alirudishwa kwenye kona zake zilezile. Anayejua jinsi kijana wa Kinondoni anavyotoka soba hausi na kushushwa na daladala hatua chache kutoka maskani yake ya zamani hahitaji kuelezwa zaidi.

Upande wa pili una hoja, na iliyo bora kati ya hizo naiheshimu. Wanasema ukimwambia mraibu kwamba mengi ni bahati, unampa kisingizio cha kukaa na kungoja. Mtu anayeamini kwamba juhudi zake zina maana hujaribu zaidi na huvumilia zaidi, na saikolojia imelithibitisha hilo kwa muda mrefu. Mgaagaa na upwa, wanasema, hali wali mkavu. Ni kweli. Kunywa methadoni kila siku, Jumapili na sikukuu, mvua na jua, mwezi baada ya mwezi, ni juhudi ambayo wengi wetu tulioshindwa kumaliza dozi ya siku saba hatuiwezi. Lakini methali hiyo haikuusahau upwa. Mgaagaa hupata kitoweo kwa sababu yuko ufukweni, maji yamekupwa, na bahari ina kitu cha kumwachia. Mpeleke mtu huyohuyo, na bidii yake yote, mahali pasipo na bahari, halafu umlaumu kwa kula wali mkavu. Kwa hiyo sipingi juhudi. Napinga kuihesabu juhudi peke yake, kana kwamba upwa haukuwepo.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayovuma zaidi: kwamba walioacha wenyewe ni mashahidi, nao wanasema waliacha kwa uamuzi wao. Shahidi huyo ni mkweli, ila ushahidi wake haufiki pale tunapoupeleka. Tunaowasikia ni waliobaki hai na wakabaki wazima. Waliokuwa na uamuzi uleule wakazidiwa na dozi wiki ya pili baada ya kuacha, kwa kuwa mwili ulikuwa umeshasahau kiwango cha zamani, hawapo kwenye kamera. Waliofia rumande katika arosto hawapo. Aliyeamua kuacha mara nyingi na kurudia kila mara hatumwiti jukwaani. Ukiwauliza walioshinda bahati nasibu kama walikuwa na imani ya kushinda, wengi watakwambia ndiyo. Swali linaloweza kutufundisha kitu ni hili: wangapi waliamua vilevile na hawakufika? Na hata kwa aliyefika, uamuzi wa mwisho hukumbukwa vizuri kuliko yote kwa sababu ndio uliofanikiwa. Maamuzi ya kabla yake, yaliyokuwa na uchungu uleule, yanasahaulika, na pamoja nayo inasahaulika tofauti kati ya safari ile na hii.

Wapo watakaoniambia neno bahati haliwafai, kwamba kwao hakuna bahati, ipo kudra. Sina ugomvi nao, na pengine wao ndio walio karibu zaidi na hoja yangu. Anayeiita neema amekwisha kukiri kwamba alipewa asichokilipia. Na mafundisho aliyolelewa nayo hayamwachi aishie kutazama juu, kwani Mtume alisema asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu.

Hapo ndipo shukrani inapoingia, nami siizungumzii kama adabu ya kumalizia hotuba. Uraibu, ukiutazama ndani, ni kuishi kwa saa. Kesho haina thamani, chenye thamani ni kete ya sasa. Mwaka 2014 mwanasaikolojia David DeSteno na wenzake walionyesha kwamba watu waliofanywa kuhisi shukrani walikuwa tayari kusubiri fedha nyingi zaidi za baadaye kuliko waliokuwa na furaha tu au waliokuwa katika hali ya kawaida. Ni jaribio la maabara, halikuwahusu mateja wa Temeke, na sitalipa uzito lisioubeba. Hata utafiti maarufu wa Emmons na McCullough wa mwaka 2003, ambao washiriki wake waliandika kila wiki mambo wanayoyashukuru, ulifuatiwa na chambuzi zilizoona kwamba athari ipo lakini ni ndogo. Kuandika orodha kwenye daftari hakutamvusha mtu arosto. Kinachonifanya niamini nguvu ya shukrani ni jinsi inavyoonekana ikitendeka kwa watu wanaodumu, kwa namna ambayo hakuna maabara inayoipima vizuri.

Anayeshukuru anajua kilichomshika. Ndugu yangu mmoja wa ukoo, ambaye miaka yake ya unga iliila nyumba ya wazazi wake karibu yote, hasemi aliacha. Husema "waliniachisha", kisha anataja: shangazi aliyempa nauli kila asubuhi bila kumuuliza jana ililiwa wapi, muuguzi aliyemwita kwa jina lake la shule, fundi aliyempa kazi ya kusafisha gereji na kumwachia funguo. Kwa kuwa anajua nguzo zake ni zipi, anajua pia moja ikitikisika. Shangazi alipougua, alitambua mapema kwamba yuko hatarini, akaenda kumwambia mshauri wa kliniki kabla mambo hayajaharibika. Mtu aliyejiaminisha kwamba aliacha kwa ubavu wake hana sababu ya kuogopa siku kama hiyo, na hana wa kumwendea. Atapita karibu na maskani ya zamani kwa sababu anajiamini. Vikundi vya watu wanaopata nafuu vimelijua hili tangu Alcoholics Anonymous ilipoanza Akron, Ohio, mwaka 1935, na Narcotics Anonymous, iliyofuata mwaka 1953 na ambayo njia yake hutumika katika soba hausi nyingi za Zanzibar, Tanga na Mombasa. Hatua ya kwanza ni kukiri kwamba peke yako umeshindwa. Hatua ya mwisho ni kumpelekea mwenzako ulichopewa. Kwa hiyo unakuta waelimishaji rika, watu waliokuwa maskani, wakirudi huko asubuhi kumshika mtu mkono hadi kliniki. Wanafanya hivyo kwa ajili ya yule mtu, na wengi wao watakwambia kazi hiyo ndiyo inayowaweka hai wao wenyewe.

Ila shukrani huharibiwa kirahisi, na kwetu imeharibiwa kwa njia mbili ambazo lazima zitajwe. Ya kwanza ni kuielekeza juu tu. Mwishoni mwa mwaka 2012 mwimbaji Ray C alikwenda Ikulu na mama yake kumshukuru Rais Jakaya Kikwete kwa kumsaidia kupata matibabu. Alifanya jambo jema, tena alilisema wazi wakati ambapo wengi walikuwa wakificha, na naamini alifungulia wengine mdomo. Lakini tazama sisi tuliotazama picha zile tulichojifunza. Tulijifunza kwamba kupona ni hisani ya mkubwa. Mteja wa kawaida wa Mwananyamala, aliyepewa dawa ileile bure na mtumishi wa umma, hakuwa na Rais wa kumshukuru, na hatukumuuliza amshukuru nani. Shukrani ikipanda juu tupu hugeuka kuwa pongezi za kisiasa, na mkubwa akibadilika au mfadhili wa nje akiondoka hakuna anayejiona mwenye wajibu wa kuushika mlango usifungwe. Nadhani ndiyo sababu habari ya amri ya Januari 2025 ilipokelewa kwa ukimya mkubwa kiasi kile. Tulikuwa tumezoea kushukuru, hatukuwa tumezoea kuona kwamba kitu tunachokishukuru ni chetu kukilinda.

Njia ya pili ya kuiharibu inatokea majumbani, na inaumiza zaidi. Mtu akirudia, familia inasema: tumemfanyia yote, hana shukrani. Naelewa maumivu ya mzazi aliyeuza kiwanja. Lakini kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu, kama presha inavyopanda tena kwa mtu aliyekwisha kuanza dawa, na hakupimi moyo wa mtu. Nimewaona wenye shukrani nyingi wakirudia na wasio na shukrani wakidumu kwa muda mrefu. Shukrani inaongeza uwezekano, haitoi dhamana. Ukiigeuza kuwa deni linalodaiwa kila jioni mezani, inazaa aibu. Aibu inamfanya mtu ajifiche, na anayejificha hutumia peke yake, na anayetumia peke yake, siku akizidiwa, hana wa kumkimbiza hospitali. Zipo pia nyumba za tiba ambamo neno shukrani hutumika kumnyamazisha aliyepigwa au aliyefungiwa: tulikuokoa, leo unalalamika? Anayeponywa ana haki ya kushukuru na kulalamika kwa wakati mmoja. Shukrani ya kweli haiwezi kuamrishwa. Inakuja mtu anapopewa kitu bila masharti na akapata utulivu wa kutosha kukitazama.

Kama hoja hii ina ukweli, yanafuata mambo kadhaa, mengine ya bajeti na mengine ya midomo yetu. Bahati iliyompata mmoja inaweza kutengenezewa mwingine. Mwaka wa kuzaliwa hauwezi kubadilishwa, lakini umbali wa kliniki unaweza. Nauli ya kila siku kutoka Mbagala au Kigamboni ni sababu ya kutosha ya mtu mwenye nia kukosa dozi, kwa hiyo vituo vidogo karibu na mitaa na dozi za kwenda nazo nyumbani kwa waliotulia ni sehemu ya tiba yenyewe. Askari anayemkamata mtu langoni mwa kliniki ili atimize hesabu ya msako anaivunja bahati ya mtu huyo kwa makusudi. Waelimishaji rika wengi wamelipwa posho kupitia miradi ya wafadhili. Kada hiyo ikiachwa ife, tutakuwa tumekata mnyororo ambao kwa huo aliyepewa humpa mwenzake. Na kwa vyombo vya habari, ushuhuda wa aliyeacha usikatwe pale anapoanza kutaja watu. Mara nyingi mhojaji humrudisha kwenye "ulijisikiaje siku ile ulipoamua", na majina ya shangazi na muuguzi yanapotea kwenye uhariri.

Bunge la Tanzania hupitisha bajeti kila Juni, mwezi huohuo ambao tarehe 26 ni siku ya kimataifa ya kupinga dawa za kulevya, yenye maandamano, fulana na wageni rasmi. Kwenye hotuba za siku hiyo ningependa zitajwe namba tatu: kiasi cha fedha za ndani kilichotengwa kununua methadoni mwaka ujao, idadi ya waelimishaji rika watakaoingia katika malipo ya serikali, na wilaya ambazo mgonjwa bado analazimika kupanda magari mawili kuifikia dozi yake.